Jirani Kaliona Jina Lake Kwenye Daftari Langu

BARUA

Bi Mshauri, assalaamu alaykum. Shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nna watoto watatu, nakaa Chake Chake si mbali na Gombani. Napika nyumbani: chapati, sambusa, na mkate wa kumimina kwa wanaoagiza. Asubuhi napeleka mikahawa miwili na skuli moja, jioni nauza barazani kwangu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, kwa sababu tatizo langu ukilisikia juu juu utacheka. Ni daftari.

Mwezi wa Mfungo Nne, yaani Muharram, nilikwenda kituo cha afya kwa maumivu ya kichwa yaliyokuwa hayaniachi. Nikaambiwa presha imeanza kupanda, na uzito wangu, kilo 94, ni mkubwa kwa kimo changu. Nipunguze chumvi, nitembee, nirudi baada ya miezi mitatu. Wiki ileile mdogo wangu aliyeko Unguja, anauza nguo Mwanakwerekwe, akanambia: dada, usichokiandika hukijui. Akanishauri nijiwekee malengo mawili makubwa, kisha kila siku niandike yale madogo madogo ya kunifikisha. Nikaweka: nishuke mpaka kilo 75, na mwakani nikodi mlango wa duka barabarani na ninunue mashine ya kukandia unga. Mabega yangu yamechoka.

Binti yangu wa kidato cha pili akanipigia mistari kwa rula. Safu kumi na moja: hatua, maji, uzito, saa za kulala, vijiko vya sukari, chapati nilizokula mwenyewe, sala kwa wakati, mauzo, akiba, madeni, hasara. Kila usiku baada ya isha nakaa nalo. Nikifanikiwa naweka vema kwa wino mwekundu, nikishindwa naweka kosa.

Sikudanganyi, mwanzo lilinisaidia. Miezi minne nilishuka mpaka kilo 86. Soda niliacha. Madeni ya wateja, ambayo zamani nikiyaweka kichwani na nusu nikiyasahau, nikaanza kuyadai na watu wakalipa. Nikajiona mtu.

Halafu sijui kilichotokea. Simu yangu inahesabu hatua, na nilijiwekea 10,000. Siku nyingine nakuwa kwenye karai kutwa, usiku unaingia nna hatua 4,000. Basi natoka uani saa nne ya usiku, nauzunguka mwembe na simu mkononi. Mume wangu ananichungulia dirishani, anasema majirani watadhani nimerogwa. Kuna siku, na hili nalisema kwa kuwa hunijui, nilimfungia mwanangu wa mwisho simu kiunoni kwa kanga nikamwambia akacheze. Alirudi na hatua 6,000. Nikaweka vema.

Nilikuwa na siku 112 mfululizo kwenye safu ya hatua. Siku ya 113 shangazi yangu akafariki Micheweni. Nilikwenda mazikoni, nikakaa ndani na wanawake wenzangu, na katikati ya kisomo nikajikuta nawaza: leo mfululizo umekatika. Niliona haya peke yangu. Niliporudi sikuandika kitu siku tisa, na hizo siku tisa sikutembea wala sikunywa hayo maji. Nilisema kwisha habari.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Nna jirani, nimwite Mama F. Nilipotoka kituo cha afya ndiye aliyeanza kunigongea dirisha baada ya sala ya alfajiri, tukawa tunatoka wanawake sita saba, tunakwenda mpaka uwanja wa Gombani na kurudi. Mwezi wa Mfungo Nane nikaacha kutoka nao. Wanatembea pole pole, kila baraza wanasita kusalimiana, nikaona wananipotezea muda. Nikasema nitatembea peke yangu. Kusema kweli, asubuhi nyingi siendi.

Mama F. huwa ananitumia mtoto na sahani wakati wa magharibi, nami nampa chapati zilizobaki. Ilikuwa hivyo kabla ya daftari. Lakini mdogo wangu alinifunza kuandika kila kinachotoka bila pesa, basi nikawa naandika kwenye safu ya hasara: "Mama F., 4. Mama F., 4. Mama F., 3." Wiki mbili zilizopita niliamka na homa, akaja kunisaidia kukanda. Mteja akapiga simu kuagiza, nikamwomba Mama F. anifungulie daftari aandike. Akafungua ukurasa uleule. Hakusema kitu. Alilifunga, akamaliza kukanda, akaosha beseni, akaenda zake. Asubuhi yake mtoto akaja na bahasha. Shilingi 11,000. Nilirudi kuhesabu: chapati 22 kwa 500. Alikuwa amezijumlisha zote.

Tangu siku hiyo mtoto haji na sahani.

Mume wangu anasema lichome hilo daftari, limekufanya mtu mwingine. Mdogo wangu anasema nisilegee, biashara haina ujirani, na watu wote waliofika mbali wanahesabu. Nami nikitazama, akiba niliyoandika imefika 1,400,000, ijapokuwa ndani ya kopo nimehesabu juzi nikakuta 930,000, sijui imekuwaje. Uzito unacheza 86, 88, 86. Sikufika, lakini naogopa nikiacha kuandika nitarudi nilikotoka.

Na Ramadhani hiyo inakuja, hazifiki siku ishirini. Mtaani kwetu kabla ya adhana ya magharibi sahani zinapishana njiani. Nifanye nini na daftari hili?

Mwenye Daftari, Chake Chake

JIBU

Mwanangu, wa alaykum salaam. Marahaba.

Kwenye mtoto aliyefungwa simu nimecheka, nisikufiche. Halafu nikafika kwenye bahasha, nikaiweka barua yako chini kidogo.

Unaniuliza jambo moja, daftari lichomwe au lisichomwe. Mimi nikikusoma naona mambo matatu yaliyofungwa kitita kimoja: mwili wako, pesa zako, na Mama F. Rula ya binti yako imeyapigia mistari sawasawa, kana kwamba vijiko vya sukari na sahani ya jirani ni vitu vya namna moja. Niruhusu niyafungue, na nianze na hilo ulilolipitia haraka kuliko yote: pesa za kwenye kopo.

Umeandika 1,400,000, umekuta 930,000. Pengo la 470,000, nawe umesema tu "sijui imekuwaje" ukaendelea na uzito. Nimerudi kuzisoma safu zako kumi na moja. Mna mauzo, akiba, madeni, hasara. Manunuzi hamna. Sioni palipoandikwa polo la unga, dumu la mafuta, mtungi wa gesi, nyama ya sambusa, wala nauli ya kupeleka mikahawani. Kwa hiyo jioni unaandika akiba kwa sababu safu inangoja kuandikwa. Alfajiri unga umekwisha, unafungua kopo, unachukua, na hilo haliandikwi kwa kuwa halina pa kuandikwa. Siwezi kuapa kwamba pesa zimepita humo. Ila ningezitafuta humo kwanza kabla ya kumdhania mtu wa nyumbani. Tena jengine: chapati unazokula mwenyewe umeziweka upande wa mwili, kwa ajili ya uzito. Upande wa biashara hazimo, wala zile wanazokula baba na watoto kwa chai. Mdogo wako anasema usichokiandika hukijui. Kweli kabisa, na wewe kitu kikubwa cha biashara yako hujakiandika. Mauzo unayajua. Faida yako ya mwezi ni kiasi gani? Ukiliuliza daftari halina jibu, na mlango wa duka hulipiwa kodi kwa faida.

Sasa tazama hiyo safu ya hasara. Chapati 22 kwa 500 ni 11,000, hesabu haina kosa. Lakini 500 ni bei ya mteja aliyepo. Chapati iliyobaki magharibi imeshapoa na mteja wake hayupo. Unga wake, mafuta yake na gesi yake ulishavitoa tangu mchana, aile Mama F. au waile kuku. Kama kuna hasara hapo, imetokea ulipokanda nyingi kuliko zinazouzika. Daftari lingeweza kukuonyesha hilo vizuri sana lau ungeandika kila jioni zimebaki ngapi. Wewe uliandika kazila nani.

Nije kwenye mwili. Umekwenda kituo cha afya kwa presha. Umeambiwa chumvi, kutembea, na kurudi baada ya miezi mitatu. Miezi saba hii, mwanangu! Na kwenye safu zote hizo presha haimo, wala chumvi. Uzito umeupima kila siku, na uzito wa kila siku hucheza kwa maji uliyokunywa, chumvi uliyokula na siku zako za mwezi, ndiyo hiyo 86, 88, 86 inayokunyima raha. Mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, ingekupa picha tulivu zaidi. Lakini presha, ambayo mara nyingi haimuumi mtu wala haimpi ishara, hujaipima tena. Hapa sina cha kupembua: nenda, tena kabla mwezi haujaandama, uulize na habari ya kufunga kwako. Mengine yote ya barua hii tunaweza kuyazungumza taratibu.

Hizo hatua 10,000 unazozizungukia mwembe usiku, unajua zilikotoka? Zilitoka Japani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kulianza kuuzwa kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Jina zuri la kuuzia bidhaa, na likatembea dunia nzima. Kutembea sana kuna faida, silikatai, lakini nambari hiyo haikushuka kutoka kwa daktari wako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linahesabu dakika: mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa mara tano. Kwenda Gombani na kurudi na akina Mama F., toa hata dakika za kusita barazani, mlikuwa mkitumia muda gani?

Nauliza kwa sababu nimelinganisha miezi yako. Kilo nane zilishuka miezi minne ya mwanzo, wakati unagongewa dirisha. Uliacha kundi mwezi wa tano tangu uanze, na tangu hapo kilo hazijashuka. Wewe umelipa daftari sifa yote. Huenda linastahiki sehemu yake, kuacha soda si jambo dogo. Ila kuna mtu alikuwa akiamka kabla yako kila siku, naye hakuandikwa kwenye safu yoyote isipokuwa moja.

Na kule kukatika kwa mfululizo, ukakaa siku tisa umesusa. Mwaka 2010 watafiti wa University College London walichapisha habari za watu 96 waliojaribu kila mmoja kujijengea tabia moja ndogo, kama kunywa maji kwa chakula au kwenda mbio kidogo kabla ya kula cha usiku. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuota mizizi. Kwa mwengine siku 18, kwa mwengine makadirio yalifika 254. Na walikuta kwamba kuruka siku moja hakukuwaharibia kitu cha maana. Kwa hiyo siku ya 113 haikukuharibia. Zile tisa zilizofuata ndizo zilizokurudisha nyuma, na hizo zilitoka kwenye kuona kwamba kilichokatika kimekufa. Hadithi unaijua: amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa kidogo. Kudumu huko hakuna maana ya kutokatika hata siku. Mtu husafiri, hufiwa, huugua. Hebu nambie, kwenye ile safu ya sala, siku zako za mwezi unaweka nini, vema au kosa? Sheria yenyewe imekupa ruhusa, na daftari lako halina alama yake.

Mama F. sasa.

Umechukulia kwamba kilichomuumiza ni kuhesabiwa. Sina hakika. Marehemu mama yangu aliuza maziwa, na madeni aliyaandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, kila aingiaye anayasoma. Hakuna aliyenuna. Kila mmoja akijua yumo na akijua kwa nini yumo. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Kur-ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni, kwa hiyo kalamu haina kosa katika ujirani. Lakini deni lina watu wawili wanaolijua. Mama F. alikuwa akipokea kile alichokidhani ni sahani ya jirani, kumbe upande wa pili wa ukuta kuna jina lake chini ya neno "hasara". Na siku aliyoligundua alikuwa amekuja kukanda bure. Mikono yake ya siku ile iliandikwa wapi?

Bahasha unaisoma kama hasira. Yawezekana. Inaweza vilevile kuwa ni aibu ya mtu aliyejiona amekula vya watu bila kujua. Mwenye hasira tupu, nadhani, angeuacha unga kwenye beseni. Yeye alimaliza, na beseni akaliosha. Mimi sikuwepo na uso wake sikuuona, wewe uliuona.

Unaweza kumrejeshea pesa zake. Hatari yake ni kwamba kumrejeshea kwa mkono wa mtoto, kama alivyozileta, kunageuka mchezo wa bahasha, na yeye pia ana heshima yake ya kulipa. Unaweza kungoja Ramadhani umpelekee sahani bila neno, kama ilivyo ada. Hiyo ni nyepesi kwako, lakini sahani isiyo na neno, baada ya yaliyopita, anaweza kuitazama akajiuliza nayo imeandikwa bei gani. Unaweza kwenda mwenyewe, ukakaa, ukamwambia ulivyokuwa ukifikiri ulipoandika. Hapo unaweza kujibiwa "hamna neno, mwenzangu" kwa uso uliofungwa, ukarudi huna raha zaidi. Zote tatu zina pa kuumia. Jiulize ipi ungeipenda ukiwa wewe ndiye uliyelifungua lile daftari.

Kuhusu kuchoma: simbezi baba watoto. Yeye anaona mke anayezunguka mti usiku, na pengine anachosema ni kwamba anamtaka mkewe saa nne awe ndani. Msikilize kwa hilo. Lakini moto utakula na madeni ya wateja, ambayo ukiyarudisha kichwani utayasahau kama zamani, na Mama F. hatayaona majivu. Mdogo wako naye hasemi uongo. Ila yeye anauza nguo Mwanakwerekwe, mteja akitoka dukani huenda wasionane tena. Wewe unauza barazani kwako, kwa watu ambao siku ya mazishi yako ndio watakaoteka maji. "Biashara haina ujirani" ni maneno ya mahala pengine.

Katikati yao pana njia ya kupunguza: daftari la biashara libaki biashara tupu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani anadaiwa naye anajua, na mwili uupe kikaratasi cha vitu viwili vitatu ukutani. Kinachotolewa kwa mapenzi kisiandikwe, au ukitaka kujua kinakula mtaji kiasi gani, utenge mapema chapati kadhaa za sahani za watu kama unavyotenga za chai ya nyumbani, na hesabu iishie hapo. Naiona nafuu, lakini nayo sikuuzii. Daftari mbili zinachosha mtu aliyekwishachoka, na kwa nilivyokusoma utaanza na safu tatu, mwezi ukiisha zimekuwa tisa. Tena kama hofu yako ya kurudi ulikotoka ni kubwa hivyo, kupunguza kunaweza kukukosesha usingizi kuliko safu zenyewe. Hilo unalijua wewe.

Jambo moja barua yako haikusema. Lile kundi la alfajiri, bado linapita mbele ya nyumba yako? Ukishatoka kituo cha afya niandikie, unambie presha imesomeka ngapi, na kama unawasikia wakipita.